Maswali ya Wasomaji: Daraja Kuukuu la Tao la Zege

Swali: Daraja letu la tao linavuka kijito na lina karibu miaka 100. Chini ya tao kuna michirizi myeupe, zege linabanduka na nondo zinachungulia. Fundi anataka kupiga plasta yenye saruji nyingi. Tumruhusu?

Jibu: Hapana. Weupe huo ni chokaa ya ndani ya zege: maji yanapenya kutoka barabarani, yanaiyeyusha na kuiacha yakikauka upande wa chini. Mkiyafungia ndani kwa plasta, kutu itaendelea, nondo zitavimba na plasta itaporomoka na kipande cha zege mgongoni.

Anzeni juu. Zibeni nyufa za barabara, kisha zibueni matundu ya kutolea maji kwenye kuta za ubavuni, ambayo mara nyingi huzibwa na mizizi au lami ya matengenezo yaliyopita. Katikati ya kuta hizo kuna udongo uliojazwa. Ukishiba maji unazisukuma nje.

Maji yakishapata njia, gongeni zege kwa nyundo ndogo. Zege zima lina mlio mkali. Lililoachana hulia kama kopo tupu. Toeni lililoachana, mchimbe hadi milimita 20 hivi nyuma ya nondo, kwani kutu huwa imezunguka. Msichimbe eneo kubwa kwa mkupuo mmoja, maana tao hubeba mzigo kwa kubanwa na kila sehemu iliyotolewa inaziongezea nyingine kazi. Kingo za shimo zikatwe wima. Ukingo mwembamba hukauka upesi na ndio wa kwanza kubanduka. Nondo zisuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Iliyoliwa sana, aiamue mhandisi.

Lowesheni zege la zamani, msubiri maji ya juu yakauke, ndipo mjaze mota (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji) yenye nguvu inayokaribiana na ya zege hilo. Saruji ikizidi, kiraka husinyaa na kujitenga. Kifunikeni kwa magunia mabichi siku 7.

Swali: Ufa upi ni wa kuogopa?

Jibu: Unaokatiza chini ya kilele cha tao, ubavu hadi ubavu. Miguu ya tao husukuma nje daima. Misingi ikisogea kidogo tu, kilele hushuka na kufunguka upande wa chini. Wekeni alama na tarehe kwenye ncha za ufa, mpime upana kila mwezi. Ukikua, zuieni malori na mwite mhandisi.

Baada ya mafuriko, chomeni fito kandokando ya misingi hadi igonge kitu kigumu. Msidanganywe na macho: shimo lililochimbwa na maji hujaa matope laini mkondo ukitulia.

Swali: Mbona madaraja mengine matao yake yako juu ya barabara?

Jibu: Kingo za kijito zikiwa fupi, tao la chini lingebana njia ya mafuriko. Mhandisi James Marsh wa Marekani alipata hataza ya mtindo wake mwaka 1912: barabara inaning'inia kwenye matao kwa nguzo wima. Daraja la Brush Creek, Kansas, la mwaka 1923, ni la aina hiyo na bado limesimama. Kwenye madaraja haya kagueni kwanza pale nguzo zinapoingia sakafuni. Maji hutuama hapo.