Pointi 24 si lazima iwe mechi nzuri

Mkuu, umeuliza kwa nini kijana wenu wa Upanga katupia pointi 24 kwenye mechi ya kikapu halafu kocha akamsifia aliyefunga 15. Namba ulizoweka nimezipigia hesabu ya Mmarekani John Hollinger, mchambuzi wa kikapu, ile Game Score inayoweka mchango wa mchezaji kwenye mechi moja kuwa namba moja.

Anza na pointi. Kila kikapu cha mchezoni ongeza 0.4, ila kila mtupo wa mchezoni, uingie usiingie, toa 0.7. Mtupo huru uliokosa toa 0.4. Ribaundi (kudaka mpira wa mtupo uliokosa) ya kushambulia ongeza 0.7, ya kulinda 0.3. Asisti (pasi ya kikapu) na bloku (kuzuia mtupo wa mpinzani) ongeza 0.7, kupora mpira 1. Faulo toa 0.4, kupoteza mpira toa 1.

Wa 24: karusha 25 zimeingia 9, mitupo huru 4 kati ya 8, ribaundi 3 za kulinda, asisti 1, faulo 4, mipira kapoteza 5. Anabaki na 3.5! Mitupo yake 25 tu imemla 17.5.

Wa 15: 6 kati ya 9, huru 3 kwa 3, ribaundi 4 za kushambulia na 6 za kulinda, asisti 5, kapora 2, faulo 2, kapoteza 1. Ana 19.4. Hapo 10 ni mechi ya kawaida, 40 ni balaa.

Ulinzi ndio hesabu hii haiuoni vizuri. Ukimkaba mtu mpaka asiguse mpira, hupati kitu. Na fomu ya mezani, ile rasmi ya matokeo, haiandiki mitupo iliyokosa, kwa hiyo mwekeni mtu pembeni na daftari aiandike.