Bampa linang'aa, kutu inatoka wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni bodaboda hapa Tanga, huu mwezi wa nne tangu nifunge bampa na keria za kromu kwenye Boxer yangu, nilinunua dukani siyo zilizokuja na pikipiki. Zilikuwa zinang'aa mpaka unaona sura yako, sahivi kwenye maungio pametoka madoa ya kahawia na kromu inabanduka. Jamaa wa kijiweni wananiambia nipige sprei nyeusi yaishe. Halafu ekzosi nayo niliipiga sprei ya kawaida, imebabuka ndani ya wiki. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, hela ya boda inavyopatikana naijua. Sprei juu ya kromu usipige, haishiki, mvua mbili tu inatoka na kutu iko palepale.

Ile kromu yenyewe ni nyembamba mno, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, anayezuia kutu kiukweli ni nikeli iliyo chini yake, sasa mtengenezaji wa bei ya chini anabania hapo kwenye nikeli na wewe dukani huwezi kuona kwa sababu siku ya kwanza bampa zote zinang'aa sawa. Nikeli ikiwa haba inabaki na vitundu, unyevu wa pwani na chumvi yake vinapenya, na chuma kikishafikiwa kinaliwa haraka pale kwenye kitundu, maana nikeli haikikingi chuma kwa kuliwa yenyewe kwanza kama zinki ya kwenye bati. Kwenye maungio ndo kubaya zaidi, welda asiposafisha vizuri vinabaki vishimo na taka, nikeli haikai sawa hapo.

Na ndani ya bomba la bampa lenyewe je? Huko nikeli haifiki. Nimewahi kukata bampa moja kwa msumeno, nje bado lina mng'ao mzuri tu, ndani likamwaga magamba ya kutu kiganja kizima, ukuta wa bomba umebaki kama kopo la maziwa. Maji yaliingilia mwisho wa bomba, hakukuwa na kizibo.

Kwa hiyo penye madoa madogo tu, chukua foili ya jikoni, ikunje, ilowanishe maji, sugua taratibu, kausha kabisa halafu paka waksi. Palipobanduka peleka lipigwe mchanga mpaka chuma cheupe kitokee, ndo lipigwe rangi ya unga ile ya kuchoma kwenye oveni. Vaa glavu ukilishika, maganda ya kromu yanakata kama wembe!

Ukinunua lingine pitisha kidole kwenye maungio, ukisikia vishimo rudisha. Wakikwambia ni stenlesi nenda na sumaku, ikinata kwa nguvu siyo ile ya daraja la 304 inayostahimili kutu vizuri, ila isiponata nayo usikimbilie kulipa, ya daraja la 201 hainati sana na kwenye chumvi inachoka mapema.

Ekzosi inataka sprei ya moto, kopo limeandikwa nyuzi 600 hivi. Piga msasa mpaka chuma, futa kwa thina, paka nyembamba nyembamba, halafu washa injini kidogo, zima ipoe, rudia kama kopo linavyoelekeza, usipande safari ndefu siku hiyo.