Vidonge vya mjukuu, bibi asipewe

SWALI: Shikamoo Bi Mfamasia. Mama yangu ana miaka 74, daktari amesema ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu. Juzi alitia chumvi kwenye chai, kisha akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Binti yangu wa miaka 16 anatumia valproeti kwa ajili ya kifafa. Mpwa wangu amesoma kuwa dawa hiyo hufungua jeni za ubongo zilizojifunga, kumbukumbu ikarudi. Je, nimpe mama nusu kidonge usiku?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe, hata robo.

Mpwa wako hakubuni. DNA, uzi unaobeba jeni, yaani maagizo ya mwili, imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Ikikazwa sana, jeni zilizomo hazisomeki. Valproeti huzuia vimeng'enya vinavyosaidia kukaza uzi huo. Kwamba inatuliza kifafa kulijulikana Ufaransa mwaka 1962. Habari ya histoni ikaja 2001. Na kweli, panya wa maabara waliopewa dawa ya kundi hilo walikumbuka walichokuwa wamesahau.

Ila mama yako si panya. Marekani walifuatiliwa wagonjwa 313 wa Alzheimer kwa miaka 2, baadhi wakimeza valproeti, wengine kidonge kisicho na dawa. Usahaulifu haukupungua kasi. Waliopewa dawa walisinzia, wakatetemeka, wakayumba wakitembea, na picha za baadhi yao zilionyesha ubongo umesinyaa zaidi. Dawa hii haichagui jeni moja ya kumbukumbu. Inagusa nyingi kwa mpigo.

Barua yako nimeirudia mara tatu kwa sababu ya binti. Mjamzito akitumia valproeti, kati ya watoto 10 mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya mwili, mfano uti wa mgongo usiofunga, na 3 hadi 4 huchelewa kusema au kupata shida ya kujifunza. Nimekaa dirisha la dawa miaka mingi, nimewapa wasichana vidonge hivi wakiwa hawajaambiwa neno. Inaniuma. Mpeleke kliniki mwezi huu, uulize kama dawa nyingine ya kifafa, lamotrijini au levetirasetamu, itamfaa. Msiikatishe wenyewe: degedege la mfululizo linaua.

Kwa mama, chumvi iondoe karibu na majani ya chai. Akikuita kwa jina la dada yake, itika, umpe kikombe chake.