Soketi ya gesti, kichwa cha kebo na mlima wa Marangu: majibu kwa wenye magari ya umeme

Maswali mengi yanayonifikia siku hizi si ya mjini. Mjini mtu anachaji nyumbani usiku, asubuhi anakwenda kazini, hana shida. Shida inaanza pale gari linapotakiwa kutoka mkoa hadi mkoa. Nimechagua manane, na mengine yaliyofanana nayo nimeyaunganisha.

Nimenunua Nissan Leaf ya 2018 kutoka Japani, betri ya 40. Mdogo wangu anaolewa Dar mwezi ujao. Naweza kwenda nayo kutoka Arusha? (Msomaji, Njiro)

Hongereni kwa harusi, dada. Gari linaweza kufika, ila si kwa siku moja. Tupige hesabu pamoja.

Hiyo 40 ni uniti, zilezile unazonunua kwa Luku. Gari lililotembea miaka kadhaa halina tena 40 kamili. Tuseme zimebaki 34. Barabara kuu, ukienda kilomita 80 hadi 90 kwa saa, kila kilomita 100 inakula kama uniti 16. Ukiwasha AC, mkawa watu wanne na mabegi ya harusi, weka 18. Betri iliyojaa inakupa kama kilomita 200, lakini mimi sipangi zaidi ya 160 bila mahali pa kuchajia katikati. Upepo wa mbele, foleni ya malori au kuzunguka barabara ya vumbi kwa sababu ya matengenezo, vyote vinakula humohumo.

Sasa njia yenyewe. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, Moshi hadi Same 105, Same hadi Korogwe kama 165, Korogwe hadi Chalinze kama 180, halafu Chalinze hadi Dar 105 na ushee. Kebo ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida inavuta kama kilowati 2.3. Ukitoa kinachopotea njiani, kila saa moja betri inapata uniti 2 hivi. Usiku wa saa 12 ni uniti 24. Maana yake mnachaji saa kadhaa Moshi, mnalala Same, mnalala Korogwe, na Chalinze pia mnapumzika saa kadhaa za maana; na kwa kuwa Same hadi Korogwe na Korogwe hadi Chalinze vinapita zile 160 zangu, mnatafuta soketi ya kuongezea katikati ya kila kipande. Mkipata chaja ya haraka inayofanya kazi na inayoingia kwenye gari lenu, mnapunguza usiku mmoja.

Kanuni yangu ni hii: kituo cha umma nakihesabu kama bahati, soketi ya usiku naihesabu kama mpango. Vituo bado ni vichache, na kilichoonekana kwenye ramani ya simu kinaweza kuwa kimezimwa tangu wiki iliyopita. Programu kama PlugShare husaidia kwa sababu madereva wenyewe wanaandika humo walichokikuta, lakini soma tarehe ya maoni ya mwisho kabla hujaamini. Kisha piga simu jioni kabla ya safari, upige tena asubuhi. Uliza mambo matatu: kichwa gani cha kebo, kilowati ngapi, na mara ya mwisho gari lilichaji hapo lini. Hilo la tatu ndilo linalosema ukweli.

Ushauri wangu, dada: harusini nenda na basi. Gari lipeleke kwanza Same na kurudi, wikendi isiyo na haraka, ulijue.

Nilifika kwenye chaja, kichwa hakikuingia kabisa. Mhudumu akasema ninunue adapta. Ninunue? (Kijana, Majengo, Moshi)

Kabla ya adapta, fungua mfuniko wa gari lako uhesabu matundu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kwa kawaida huwa na sehemu mbili: ndogo ya pini tano, inaitwa Type 1, ya kuchaji polepole, na kubwa ya mviringo yenye pini mbili nene, CHAdeMO, ya kuchaji haraka. Ya Ulaya yana Type 2, matundu saba na ukingo bapa juu, na chini yake huongezwa matundu mawili makubwa ya chaji ya haraka; hiyo ndiyo CCS2. Ya China kwa soko la kwao wenyewe yana GB/T, pini saba upande wa polepole na tisa upande wa haraka. Kuwa mwangalifu hapo, maana gari la China lililotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje mara nyingi lina CCS2. Jina la kiwanda halitoshi, lazima uangalie kwa macho.

Adapta za chaji ya polepole ni kitu rahisi, kwa mfano kutoka Type 2 kwenda Type 1. Ni shaba na plastiki. Ikiwa nzito, imebana vizuri na imeandikwa ampea zake, nunua. Za chaji ya haraka ni habari nyingine. CHAdeMO na CCS2 zinaongea na gari kwa lugha mbili tofauti, kwa hiyo ndani ya adapta lazima kuwe na kompyuta ndogo ya kutafsiri, na kupitia hapo unapita umeme wa volti mia kadhaa. Ya bei ya kutupa iliyouzwa bila boksi wala maelezo, iache. Sisemi hivi kukutisha. Nasema kwa sababu kitu hicho utakishika kwa mikono yako.

Nikilala gesti, ni sawa kuomba kuchaji? Na nilipe kiasi gani? (Wasomaji kadhaa)

Ni sawa, ila omba kabla hujalipia chumba, na uombe kuiona soketi yenyewe.

Nina sababu. Nilichaji Same, gesti ndogo nyuma ya barabara kuu. Saa nne usiku nikatoka kuangalia, mazoea tu. Upepo wa Same ulikuwa unapiga mabati. Nilipogusa plagi kwa mgongo wa kiganja nikautoa haraka. Ilikuwa ya moto kama sufuria ya chai. Nikazima swichi, nikaichomoa. Tundu moja la soketi lilikuwa limegeuka kahawia, plastiki imelainika hadi inabonyea kwa kucha. Mlinzi akasogea na tochi, akanusa, akasema, "Mzee, hii ingefika alfajiri tungeongea mengine." Sikulala vizuri usiku ule, na chumba kilichopakana na soketi ile kilikuwa na mama na mtoto.

Soketi haikuwa na kosa la ajabu. Skrubu ilikuwa imelegea, na waya ulikuwa mwembamba unaobeba vyumba vitatu. Birika la umeme lingechemka dakika nne likazimika, asijue mtu. Gari linavuta ampea 10 mfululizo kwa saa 12. Udhaifu wa dakika nne hauonekani; wa saa 12 unaunguza nyumba.

Tangu siku hiyo ninafanya hivi. Boksi dogo lililo kwenye kebo yangu ya kuchajia lina kitufe cha kupunguza ampea, kwa hiyo ugenini naweka 8, na nyumba ikiwa kuukuu naweka 6. Naomba soketi ya AC au ya jikoni, kwa kuwa mara nyingi imevutiwa waya wake peke yake na mnene zaidi. Eksitensheni ya kuviringishwa situmii kabisa. Nagusa plagi baada ya nusu saa, nagusa tena baada ya saa moja. Boksi likiwasha taa nyekundu na kukataa, mara nyingi linasema nyumba haina ethi, yaani waya wa ardhini. Usitafute fundi wa kulidanganya boksi. Tafuta soketi nyingine. Na kebo iliyokuja na gari kutoka Japani isome kwanza kibandiko chake. Kwao umeme ni volti 100 na 200, kwetu 230. Kama haikuandikwa kwamba inavumilia 230, usiichomeke.

Malipo: ampea 8 kwa saa 10 ni uniti kama 18. Kwa tarifu ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi ni kama shilingi 356, hivyo ni kama 6,500. Mimi natoa 10,000, na sisubiri kuombwa. Kuna jambo wageni wengi hawalifikirii: mita ndogo nyingi ziko kwenye tarifu ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Magari mawili matatu kwa mwezi yanaweza kumtoa mwenye nyumba kwenye bei hiyo nafuu. Kwa hiyo omba namba ya mita na umnunulie Luku pale pale kwa simu yako. Anaziona uniti zinaingia, na mgeni anayefuata mwenye gari la umeme hatafukuzwa mlangoni.

Masika haya, kuchaji kwenye mvua si hatari? Mume wangu anakataa. (Mama, Tengeru)

Mama, kichwa cha kebo isiyo na ubovu hakipitishi umeme mpaka gari na chaja vimesalimiana na kuhakikisha kimeingia sawasawa. Manyunyu hayana neno. Ila baba ana hoja kwenye upande wa soketi: plagi, boksi na muungo wowote visilale chini wala kwenye maji. Boksi litundikwe, soketi iwe chini ya paa. Na matope yakiingia kwenye matundu ya kichwa, usichomeke hadi yasafishwe na kukauka.

Nikitoka Himo dashibodi inaandika kilomita 60. Nikifika nyumbani Marangu, mwendo mfupi tu, zimebaki 30. Betri inakufa? (Mwalimu mstaafu)

Shikamoo, mwalimu. Betri yako huenda ni nzima. Unachokiona ni mlima.

Gari lako pamoja na watu na mizigo tuseme ni kilo 1,750. Kulipandisha mita 500 kwenda juu, kwa hesabu ya uzito mara mvutano mara kimo uliyoifundisha miaka yote, ni kama megajuli 8.6, yaani uniti 2.4. Ongeza zinazopotea kwenye mota. Hizo peke yake zingekupeleka kilomita 15 na zaidi kwenye tambarare, na hapo hatujahesabu mwendo wenyewe. Dashibodi nayo inakisia kutokana na ulivyoendesha dakika za karibuni. Himo umetoka tambarare, ikakupa matumaini. Kwenye mlima ikaingiwa na hofu, ikashusha namba kuliko ukweli.

Uzuri ni kwamba mlima unarudisha deni. Ukishuka weka gia kwenye B, mota inageuka kuwa jenereta, na sehemu kubwa ya zile uniti 2.4 inarudi. Lakini usijaze betri hadi 100 ukiwa Marangu halafu ukaanza kushuka asubuhi. Betri iliyojaa haina pa kupokea, gari linaacha kujishika lenyewe na kazi yote inahamia kwenye breki za kawaida. Simamisha chaji kwenye 85 hivi.

Hesabu hiyohiyo inawafaa wa Arusha. Arusha iko kama mita 1,400, Moshi iko chini kama mita 500 zaidi. Mtu akitumia nusu ya betri kushuka Moshi akasema nusu iliyobaki itamrudisha, anaweza kukwama kabla ya kufika Arusha.

Kwa nini chaja ya haraka inazembea ikifika asilimia 80? Abiria wananung'unika. (Dereva wa teksi, uwanja wa ndege wa KIA)

Kaka, umewahi kuona mama wa Kimaasai akijaza maziwa kwenye kibuyu? Mwanzo anamimina. Yakikaribia shingoni anapunguza, la sivyo yanamwagika. Betri nayo, ikikaribia kujaa, ikilazimishwa inapata joto na kuharibika, kwa hiyo gari lenyewe linaiambia chaja ipunguze. Kutoka 20 hadi 80 kwenye chaja ya kilowati 50 Leaf ya 40 inachukua kama dakika 40. Ile 20 ya mwisho inaweza kukaribia muda huohuo. Chomoa kwenye 80, uende. Na ujue kwamba Leaf haina mfumo wa kupoza betri, inategemea hewa tu. Ukichaji haraka mara ya pili siku hiyohiyo kwenye joto la mchana, itaenda polepole zaidi tangu mwanzo. Si ubovu.

Nairobi je? (Dereva wa watalii, Sakina)

Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, unapanda kupitia Ngaramtoni na Oldonyo Sambu kisha unashuka kuelekea Longido. Namanga hadi Nairobi ni kama 165. Kwa betri ya 40 chaji Namanga, usijaribu kuunganisha. Soketi za Kenya ni zilezile zetu za pini tatu za mraba, kebo yako itaingia. Nairobi kuna chaja za umma zaidi kuliko huku kwetu, ila hakikisha mapema utalipaje, maana nyingine zinataka laini ya simu ya Kenya.

Nimekuta gari limejaa asilimia 100, mwenyewe hayupo, mimi nimebaki na 9. Naruhusiwa kulichomoa? (Msomaji, Kijenge)

Usilichomoe kwa nguvu. Magari mengi yanafunga kichwa cha kebo, na ukilazimisha utavunja komeo, kituo kife kwa wote. Mwombe mhudumu ampigie. Na wewe ukichaji, andika namba yako ya simu na saa utakayomaliza kwenye karatasi, uiache juu ya dashibodi ionekane kwa nje. Mimi ninayo moja ya kudumu, nimeifunika kwa plastiki. Nimepigiwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa ng'ambo ya barabara nakula ndizi nyama. Nilitoka na sahani mkononi.