Kumtafuta bibi aliyelelewa misheni ya Bagamoyo

Dada, umesema bibi mzaa babu yako alilelewa na mapadre wa Bagamoyo, na jina pekee mlilonalo ni Maria. Pole, ila msishike jina hilo peke yake. Misheni ile ilianza 1868, ikapokea watoto wengi waliokombolewa utumwani, na majina ya watakatifu yalijirudia mno.

Anza na wazee wa ukoo: aliolewa na nani, wanawe ni akina nani. Kisha omba parokia ikuruhusu uone vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Mimi huanza na ndoa, maana mume na mashahidi ndio wanaomtofautisha Maria huyu na yule. Andika pia wasimamizi wa ubatizo. Mara nyingi hujirudia ndani ya familia moja. Maandishi huwa ya Kilatini, hivyo mwombe padre au mhifadhi nyaraka akusomee. Kumbukumbu nyingine za shirika la mapadre hao, yaani Shirika la Roho Mtakatifu, zipo Chevilly-Larue, Ufaransa.

Usiunganishe watu kwa jina tu. Umri na mwenzi visipolingana, acha. Na mzee akinyamaza ukitaja utumwa, tafadhali usimshurutishe. Mrudie siku nyingine.