Mifereji na historia kwa baiskeli: anzia Bahi
Dada, uliyeuliza njia tulivu ya baiskeli yenye mifereji na historia kutokea Dodoma mjini, elekea Bahi. Ni kilomita kama 55 za lami, na malori ni mengi, kwa hiyo ondoka alfajiri. Ukifika, acha barabara kuu ushike vijia vya mashamba ya mpunga kando ya mifereji ya umwagiliaji. Kote tambarare, na baada ya mvua ndege wa majini hujaa. Napapenda mno! Historia ifuate Kolo, Kondoa: michoro ya miambani, Urithi wa Dunia tangu 2006. Huko ni mbali na kuna milima, pakia baiskeli kwenye basi. Mwongozaji mwombe kwenye ofisi ya michoro hiyo palepale Kolo. Beba tyubu ya akiba na viraka, miiba ya huku haina huruma.