Kumaliza kifungo cha nje si kurekebika

Mhariri, juma hili mmeuliza: tutajuaje kama kifungo cha nje, yaani probesheni, mtu kukaa kwao chini ya afisa badala ya kwenda jela, kinawarekebisha vijana wetu? Mimi ni seremala wa Majengo, na nimekaa na kijana wa probesheni karakanani miezi 18, kwa hivyo swali hili limenigusa.

Ofisini kipimo ni chepesi. Sheria ya Kenya inaruhusu amri ya probesheni ya miezi 6 hadi miaka 3. Mtu akiripoti kwa afisa wake na asivunje masharti, siku zikiisha amefaulu. Kijana wangu hakukosa hata siku moja. Karatasi ya tarehe zake aliifunga kwenye nailoni isiingie vumbi la mbao. Siku ikifika huweka randa chini, hunawa, huenda. Lakini mimi nilikuwa nikiangalia jioni, akifunga kazi anashika njia ya kwao au ya maskani, kijiweni kwa wenzake wa zamani. Miezi minne ya kwanza ilikuwa ya maskani. Hilo faili halikulijua.

Tena kuna kukamatwa. Alipokwisha maliza muda wake, msako ulipita mtaani, akazolewa na waliokuwa barazani. Alikuwa anatoka kuswali isha. Alilala seli siku mbili, akaachiliwa bila shtaka. Mkihesabu waliokamatwa tena, huyu mtamwandika mwizi. Hesabuni waliohukumiwa tena, na muwafuatilie miaka 2 au 3 baada ya amri kwisha, kwa maana ndani ya amri mtu huogopa kurudishwa kortini.

Wengine hulinganisha hawa wa probesheni na waliotoka gereza la Shimo la Tewa, kisha wakashangilia. Hapo nakataa kabisa. Kabla hakimu hajaamua, afisa huja mtaani, akauliza wazazi, mzee wa mtaa na jirani, akaandika ripoti. Mwenye kwao na mwenye wa kumsemea ndiye apataye nafasi. Asiye na mtu mara nyingi huenda ndani. Ukiranda mbao kavu kwa randa moja na mbichi kwa nyingine, utajuaje ipi kali? Linganisheni wa kosa moja, umri mmoja na rekodi moja. Hata kazi za jamii za sheria ya 1998, zile mkosaji apewazo badala ya jela, zipimwe hivyo, si kwa saa za kufyeka nyasi tu.

Na aliyeibiwa aulizwe, si siku ya ripoti peke yake, bali mwaka mmoja baadaye. Kijana huyu alimwibia simu mama mmoja mwenye duka, na tangu kesi iishe hakuna aliyekwenda kumuuliza kitu. Juzi mama huyo aliniagiza rafu. Nilimtuma kijana akapime, nami nikafuata nyuma na misumari. Nilimkuta ndani ya duka peke yake, futi mkononi, penseli sikioni, droo ya pesa iko wazi. Mama alikuwa nje, anateta na muuza samaki.